Mashine ya Vichwa Vitatu

Feruzi alitoa pikipiki akapewa kaseti. Hivyo ndivyo watu wa avenue Mapera walivyoisimulia habari ile, na kwa kuisimulia hivyo walikuwa wamempunja. Kaseti hata muuza karanga anayo. Alichopewa Feruzi kilikuwa deki ya Kijapani, uso wa fedha, nzito kama mtoto aliyeshiba, na aliyempa alikuwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyehamishiwa kijiji cha mbele ya Ubundu, mahali ambapo pikipiki ina kazi na umeme ni habari ya kusikia. Kila mmoja aliondoka akiamini amemlaghai mwenzake. Biashara nzuri huwa hivyo.

Feruzi hakuwa mgeni wa kupoteza. Alikuwa na duka, vita vikalila. Akapata lori, barabara ikalila. Sasa aliuza mchele na samaki wakavu sokoni, na alikuwa ameamua kwamba kitu cha tatu cha maana katika maisha yake kitakaa ndani ya nyumba, juu ya kabati, chini ya kitambaa alichokishona mwenyewe, mahali ambapo vita na barabara vitabisha hodi kwanza.

Safi, mke wake, alikuwa na maoni yake.

“Mabwana ya wenzangu banapandisha bibi yao ku pikipiki,” aliwaambia majirani, mwiko mkononi. “Wa kwangu anasema: Safi, kaa chini, angalia sindano inacheza.”

Lakini sindano zilicheza kweli. Zilikuwa mbili, nyuma ya kioo chenye mwanga wa rangi ya asali, moja ya mkono wa kushoto na moja ya mkono wa kulia, na muziki ulipopanda zilipanda nao, zikagusa alama nyekundu kidogo tu, kwa adabu, zikarudi. Mlango wa kaseti ulifunguka polepole kama mtu mzima anayeinuka kitini. Ilikuwa na kitufe cha kunyamazisha ule mvumo wa *shshsh* unaolala chini ya muziki. Ilikubali kila bande, ule utepe wa ndani ya kaseti: ya kawaida, ya chrome na ya chuma, haikuchagua chakula. Na mwendo wake ulishikwa na jiwe kama lile la saa: courant ya bwawa la Tshopo iliposhuka jioni na balbu kugeuka rangi ya chai, radio-cassette za mtaa mzima zilianza kuimba kama wagonjwa wa mafua, lakini deki ya Feruzi ilishika mwendo wake uleule, haikuyumba, haikuomba radhi.

Haya yote yalikuwa kachumbari. Wali wenyewe ulikuwa vichwa.

Jumapili moja mchana, parselle yake, uwanja wa nyumba, ilipojaa watu, Feruzi aliitoa deki na spika yake hadi barazani, akachomeka mikrofoni, akaisogeza karibu na kinu ambacho Safi alikuwa anatwangia pondu, majani ya muhogo.

“Twanga, mama.”

“Natwanga tangu asubuhi. Nani alikuambia nilikuwa nalala?”

Mchi ukashuka. *Du.* Watu wakatikisa vichwa: sawa, sauti ya mchi, kila mtu anaijua. Ndipo Feruzi akagusa swichi ndogo, na jambo likatokea. Mchi ulishuka kinuni, *du*, na punde, wakati mchi umekwisha kuinuka na uko hewani juu ya kichwa cha Safi, *du* nyingine ikatoka ndani ya spika. Ukaangalia mchi juu, ukasikia mchi chini. Mama mmoja aliyebeba makemba, ndizi za kupika, akashika mdomo.

“Ndoki!” akasema, kama aliyeona uchawi.

“Hapana ndoki, mama. Vichwa tatu!” Feruzi akainua vidole kwa wote. “Sikilizeni. Kichwa ya kwanza inafuta bande, inakuwa safi. Ya pili inaandika. Ya tatu inasikiliza papo hapo kama mwenzake ameandika muzuri. Ile *du* ya pili, mulisikia? Ilitoka ku bande. Imekwisha kuandikwa! Mutu anasema, mashine inaandika, na mashine inajikagua mbele hata mutu afunge kinywa.”

Makofi yakapigwa. Mtu mmoja tu hakupiga, na mtu huyo alikuwa Amuri.

Amuri alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Yeye ndiye aliyewaimbisha watu wa avenue slogan za Chama wakati wa mikutano, kwa koo ambalo halikujua mafua, na kabla ya deki kuja yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa ya mtaa kwa namna ya pili pia: radio-cassette yenye mkono wa kubebea, ambayo watoto waliifuata kama kuku wanavyofuata mtama. Sasa watoto walikuwa wanafuata kinu cha Safi. Alikaa na radio yake magotini, kidole juu ya kitufe chekundu.

“Na yangu, papa Feruzi?” akauliza. “Iko na vichwa ngapi?”

“Ya kwako?” Feruzi alikuwa amekwisha kulewa sifa, na hakuna pombe mbaya kuliko hiyo kwa mtu asiyekunywa. “Ya kwako iko na moja ya kuandika na kusoma. Bon. Mashini ya kichwa moja haiwezi kitu! Inaandika yenyewe, inasoma yenyewe, inajisifu yenyewe. Nani atamuambia amekosa? Leo mutu ya akili anataka vichwa tatu!”

Kicheko kikapasuka hadi barabarani. Amuri naye alicheka. Halafu akainua kidole kutoka kwenye kitufe, akasimama, akaenda kwake kabla pondu haijaiva, na mtu anayeondoka kabla pondu haijaiva ana jambo.

Jumatatu gendarme, askari wa zone, akaja, na salamu ya Serikali ya siku hizo: citoyen, yaani raia.

“Citoyen Feruzi. Commissaire wa zone anakuita. Na mashine yako.”

“Mashine imefanya nini?”

“Mi hapana jua. Walisema mulete wote wawili.”

Gendarme alikuwa na pousse-pousse nje, mkokoteni wa kusukuma. Feruzi aliyatazama magurudumu yake, akaitazama barabara, akaifunga deki ndani ya pagne mbili, vitenge vya Safi, na kuipandisha kichwani mwake mwenyewe. Vidude viwili vya kuvalia masikioni, vilivyokuja na deki, akavining’iniza shingoni. Njiani yule mama wa makemba akamwona akipita wima, shingo ngumu, gendarme nyuma yake.

“Papa Feruzi! Leo iko na vichwa ine!”

Hata gendarme alicheka. Feruzi hakucheka, maana aliyebeba kitu kama kile kichwani hacheki, ila aliyakumbuka maneno ayarudie nyumbani, kama angerudi.

Commissaire wa zone, mkuu wa eneo lile, aliitwa Litoko, mwana wa mto, mtu wa upande wa Barumbu, mnene, mpole, abacost, lile koti la Chama, imefungwa hadi kidevuni katika joto lile. Juu ya meza yake ilikaa radio ya Amuri. Pembeni alisimama Amuri, ameshika mikono nyuma.

“Kaa, citoyen. Weka mtoto wako chini polepole. Sasa sikiliza.”

Akabonyeza. Kutoka ndani ya radio ikaja sauti ya Feruzi, imevimba, inatetemeka, mapile, zile betri zake, yakiwa yamechoka: “…*mmm-i* ya kichwa moja haiwezi kitu! …yenyewe, inajisifu yenyewe. Nani atamuambia amekosa? …anataka vichwa tatu!”

Ukutani, picha ya yule ambaye picha yake ilikuwa katika kila ofisi iliwaangalia kutoka chini ya kofia yake.

Feruzi akaitazama picha ile. Nchi moja, chama kimoja, kiongozi mmoja: hata kasuku wa sokoni walijua hesabu hiyo. Na yeye alikuwa amesimama mbele ya watu akidai vichwa vitatu.

“Ni sauti yako?” Commissaire akauliza.

“Ni yangu, Citoyen Commissaire. Lakini imejifunika blanketi.”

“Neno la kwanza ni lipi?”

“Mashini. Nilisema *mashini* ya kichwa moja.”

“Alisema *inchi*,” Amuri akadakia. “Inchi ya kichwa moja. Niko tayari kuapa.”

Commissaire akajifuta shingo kwa kitambaa. “Unaona shida yangu, citoyen? Wewe unasema mashini. Yeye anasema inchi. Mimi nasikia *mmm-i*. Nikimwamini yeye, wewe unalala hapa na mashine inabaki hapa, na sijui nani kati yenu atatoka. Nikikuamini wewe bure bure, yeye ataandika kule juu kwamba Litoko anapenda vichwa tatu. Donc? Nipe neno. Si la kinywa chako. Neno la bande.”

“Basi tuliweke kwa mashine inayojua kusoma,” Feruzi akasema, akaanza kufungua pagne.

“Hapana!” Amuri aliruka. “Citoyen Commissaire, yeye mwenyewe alisema kichwa ya kwanza inafuta! Ataingiza kaseti yangu, atabonyeza, atafuta kila kitu!”

Ilikuwa hoja nzuri, na Feruzi aliona aibu kidogo kwamba maelezo yake yalikuwa yameeleweka vizuri namna ile. “Vunja meno yake,” akasema.

“Meno ya nani?” Commissaire akauliza.

“Ya kaseti. Vile vibao viwili vya nyuma. Ukivivunja, mashine yoyote inakataa kuandika juu yake. Vunja wewe mwenyewe, kwa mkono wako.”

Commissaire akavivunja kwa ncha ya kalamu, *tak*, *tak*, akionekana kufurahia. Halafu akavaa vile vya masikioni, akakataa kabisa kumwachia Feruzi. “Nitasikia mimi. Wewe endesha.”

Kaseti ikaingia. Mlango ukajifunga kwa heshima yake ileile. Taa ya asali ikawaka, sindano zikaamka, na Amuri, pamoja na uadui wake wote, akasogea hatua moja kuziangalia.

Commissaire akakunja uso.

“CITOYEN!” akapiga kelele, kama kila mtu aliyezibwa masikio. “HII NI MBAYA KULIKO ILE NYINGINE! SASA UNAONGEA NDANI YA MTUNGI!”

Amuri akatabasamu hadi magego.

Feruzi alisimama, mkono juu ya deki, na akili yake ikatembea. Motor ni nzuri. Bande haikukwaruzwa. Sauti zote nene zipo, nyembamba hazipo. Ndipo akaelewa, na alivyoelewa akatamani asingeelewa.

“Amuri,” akasema, “radio yako ilianguka siku ya salongo, tulipofagia avenue?”

“Ilianguka kidogo tu. Inaimba vilevile.”

“Inaimba vilevile kwako. Kichwa yake imepinda. Imeandika imeinamisha shingo, na ikisoma inasoma imeinamisha shingo. Ya kwangu imenyooka. Kilichoandikwa na shingo iliyopinda, aliyenyooka hawezi kukisoma.”

“Kwa hiyo?” alisema Commissaire, ambaye alikuwa ameinua kidude cha sikio moja.

Feruzi akaitazama deki. Pembeni ya kichwa cha tatu cha deki kulikuwa na skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na juu ya skrubu hiyo tone la rangi nyekundu, limeanguka pale tangu Japani, zima, bila ufa. Mbelgiji alimwonyesha kama mtu anavyoonyesha kovu la mtakatifu: hii usiguse. Na Feruzi hakuigusa. Zamani aliwahi kugusa nyingine kama hiyo, katika radio-cassette ndogo ya shemeji, na kwa mwaka mzima radio ile iliongea kama mtu mwenye kitonge mdomoni. Aliwaonyesha wageni wake tone lile kwa tochi. Kuna watu wanaonyesha hati ya hija. Yeye alionyesha tone jekundu: hakuna mkono uliopita hapa baada ya mikono ya walioitengeneza.

Kuiokoa mashine, ilibidi aivunje ubikira. Na ilibidi aipinde, mashine iliyonyooka, ifuate shingo ya kopo la Amuri.

“Kuna bisibisi nyembamba?” akauliza.

Ilikuwepo moja ya mashine ya kupiga chapa, kwenye droo. Feruzi akafungua mlango wa deki, akatoa kifuniko, akasema bismillahi, na kugusa. Tone likapasuka. Kipande chekundu kikaanguka juu ya meza ya Serikali.

“Sasa vaa vizuri, Citoyen Commissaire. Usiseme kitu. Mimi nitakuangalia.”

Maana masikio hakuwa nayo, yalikuwa yamevaliwa na Litoko. Ilibidi atumie uso wa Commissaire kama sindano. Akazungusha skrubu unywele mmoja upande wa kushoto: nyusi za Litoko zikashuka, midomo ikatanuka kwa karaha. Si huko. Akarudisha, akapita katikati, akaenda kulia, kidogo, kidogo tena. Juu yao balbu ya ofisi ilififia, courant ilikuwa inayumba, lakini deki ilishika mwendo wake. Jasho lilimshuka Feruzi puani na hakulifuta. Kipande kile cha bande akakirudisha nyuma, akakicheza upya. Nyusi zikaanza kupanda. Unywele mwingine. Zikapanda zaidi. Macho yakafunguka, kama dirisha la mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje.

“KUKU!” akapiga kelele Commissaire. “NASIKIA KUKU!”

“Walikuwepo, wako nyuma ya jiko. Endelea.”

“KUNA MTOTO ANAPIGA BATI. KUNA MTU ANAFUNGUA… NI SODA? SODA!” Kidole chake kikapanda hewani. “MASHINI,” akasema Litoko polepole. “*Ma-shi-ni* ya kichwa moja. *Shi!* Ile *shi* iko pale, kavu kama kuni! Rudisha.” Akarudishiwa. “*Shi!* Rudisha tena.”

Akaisikiliza mara kadhaa, na kila mara aliisema *shi* kwa furaha ya mtu aliyevua samaki kwa mkono. Halafu, bila kutarajiwa, tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka kifungo cha juu cha abacost kikafunguka.

“Citoyen, bibi yako unamjua?”

“Safi? Kwa nini?”

“Watu wote wanacheka, wewe unasema vichwa tatu, vichwa tatu. Na huko mbali, ku kinu, mwanamke anasema…” akajifuta machozi, “anasema: ‘Na vichwa yako yote tatu, hakuna hata moja inakumbuka chumvi nilikutuma!’”

Jumapili hakuna aliyeyasikia maneno hayo, hata Feruzi mwenyewe aliyesemwa. Bande ya kopo, ndani ya radio iliyoanguka, katikati ya kicheko cha avenue nzima, na deki yake imemfukua Safi kutoka mwisho wa uwanja pamoja na chumvi yake. Kifua kikamjaa. Alikuwa mshtakiwa, tumbo tupu, na alijisikia kama bwana harusi.

“Na huyu anayecheka karibu na mikrofoni kuliko wote,” akaendelea Commissaire, akimgeukia Amuri, “anayesema ‘Kweli kabisa, papa!’, ni nani?”

Amuri akaangalia viatu vyake.

“Bon.” Litoko akavua vya masikioni, kwa uzito, kama anavua kofia ya heshima. “Neno ni mashini. Nimelisikia mimi mwenyewe. Mashine iende na mwenyewe. Lakini citoyen, nakuomba, katika nchi hii usihesabu tena vichwa mbele ya watu. Hivi vitu kazi yao ni kusikia, si kuwaza. Viite masikio. Masikio mutu anaweza kuwa nayo hata kumi, Serikali haitakasirika, itashukuru.”

“Masikio tatu,” Feruzi akasema.

“Masikio matatu. Nenda. Na wewe Amuri, chukua radio yako, inanichafulia meza.”

Walirudi pamoja, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Deki kichwani mwa mmoja, radio mkononi mwa mwingine. Karibu na msikiti Amuri akapunguza mwendo.

“Papa Feruzi.”

“Sema.”

“Sikio yangu… imepinda kweli?”

Feruzi angeweza kusema mengi. Alikuwa nayo tayari, matamu, amepanga tangu ofisini. Lakini deki ilikuwa nzito kichwani, nayo pia ilikuwa imepinda.

“Imepinda kama barabara ya Lubutu. Lete kesho. Nitanyoosha ya kwangu kwanza, nawe utangoja nje.”

Alinyoosha ya kwake alasiri ileile. Aliweka kaseti ya dukani aliyoijua hadi pumzi za mwimbaji, akavaa vya masikioni mwenyewe, akazungusha, akarudi, akazungusha. Safi alikaa mbele yake na hakufanya mzaha, jambo lililomtisha kuliko gendarme. Alipofika mahali ambapo vinyweleo vya mkono vilisimama, akaacha. Akasikiliza wimbo mzima. Halafu akamvisha Safi.

Safi alisikiliza, kichwa ameinamisha. Mwishowe akasema, “Iko sawa na vile ilikuwa.”

“Hapana,” Feruzi akasema. “Iko muzuri kupita. Ile ingine ilinyooshwa na mutu hanijue.”

Akaeleza habari ya tone jekundu: kwamba sasa skrubu iko uchi, itatikisika na kulegea siku moja. Safi akainuka, akaingia chumbani, akatoka na chupa ndogo ya rangi yake ya kucha. Akainama juu ya deki, ulimi pembeni ya mdomo, na kwa ncha ya brashi akadondosha tone moja juu ya skrubu, jekundu kuliko lile la Japani, na linang’aa.

“Waonyeshe wageni wako na hii,” akasema, akipuliza ikauke.